Dripu inayovuja: kifaa cha mwanga na mtego wa mtaji

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya hospitali wanaoagiza mizigo kutoka Dubai na Guangzhou hukutana na bidhaa mbili ambazo kwenye picha za muuzaji zinakaribiana mno. Zote hutumia mwanga wa infraredi, zote huonyeshwa zikiwa juu ya mkono wa mgonjwa mwenye dripu, na zote husifiwa kuwa zinapunguza matatizo ya sindano. Ya kwanza ni taa ya kutafuta mshipa. Ya pili ni kifaa cha kulinda mshipa uliokwisha kupatikana, ambacho hutoa ishara pale maji au dawa inapoanza kuvuja na kuingia katika nyama za mkono. Bei zao haziko karibu na kazi zao haziko karibu. Anayeuza ya kwanza kwa jina la ya pili anaiachia wodi ulinzi ambao haupo.

Kwa Dodoma jambo hili si la mbali. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, na mji kutangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, mahitaji ya matibabu yamepanda ngazi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyozinduliwa Oktoba 2015, ilianza kupandikiza figo Machi 2018, na mwaka 2023 ikaingia katika upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji bado wanaiita General, wapo Mtakatifu Gemma, ipo Mvumi, na ukifuata reli kuelekea magharibi ipo Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Kote huko dripu ni kitu cha kila siku, na palipo na dripu pana kuvuja.

Hasara inaanzia wapi

Kanula ni kijibomba cha plastiki kinachobaki ndani ya mshipa baada ya sindano kutolewa. Mgonjwa akijigeuza, mtoto akivuta mkono, au ukuta wa mshipa ukichoka, ncha ya kijibomba hutoka nje na kila tone linalofuata huishia chini ya ngozi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2015 yalikadiria kuwa kati ya kanula 100 zinazowekwa katika mishipa ya mikononi na miguuni, 35 hadi 50 hushindwa kabla ya kazi yake kwisha. Sababu ni nyingi, lakini kuvuja ni miongoni mwa zile kubwa.

Yakivuja maji ya chumvi, mara nyingi mkono huvimba kisha hunywea wenyewe. Yakiwa mengi na yakabanwa katika mkono mdogo, shinikizo linaweza kuziba damu isifike vidoleni, na hapo daktari wa upasuaji huitwa kupasua ili kuokoa mkono. Habari inakuwa mbaya zaidi kama kilichovuja ni dawa inayounguza. Dextrose ya asilimia 50, kalsiamu, potasiamu, noradrenalini ya wagonjwa mahututi, na dawa za kansa kama doxorubicin na vincristine zinaweza kuua nyama na kuacha kidonda cha kupandikizwa ngozi. Mgonjwa aliyelazwa kwa ugonjwa mmoja anaongezewa wa pili, kitanda kinakaliwa wiki zaidi, na kwa mkulima wa Kongwa au Bahi mkono wa kulia ulioharibika ni msimu mzima uliopotea.

Wengi hudhani kuwa hospitali yenye pampu za kisasa za dripu imejikinga. Sivyo. Kengele ya pampu hulia pale njia inapoziba na shinikizo kupanda. Nyama laini chini ya ngozi hupokea maji bila shinikizo kubwa, hasa mwanzoni, kwa hiyo pampu huendelea kusukuma kana kwamba mambo ni shwari. Kwa kiasi fulani dripu ya kawaida ya kutundikwa ina nafuu, maana nyama zikijaa matone hupungua kasi na muuguzi mwenye jicho huliona hilo. Kadiri hospitali inavyonunua pampu nyingi, ndivyo haja ya mlinzi mwingine inavyoongezeka. Hii ni hoja ya soko ambayo wauzaji wa pampu hawaitaji.

Kwenye chumba cha CT-scan mwendo ni mkali zaidi. Mashine husukuma dawa ya kung'arisha picha kwa mililita 3 hadi 5 kila sekunde. Takwimu zinazotumiwa na wataalamu wa mionzi wa Marekani ni kwamba mgonjwa 1 hadi 12 kati ya kila 1,000 wanaochomwa kwa mashine hiyo hupata uvujaji. Ni wachache, lakini kwa kasi hiyo mililita 50 huingia chini ya ngozi kabla mtu hajamaliza kuuliza kama kunauma.

Mwanga unaonaje ndani ya nyama

Muuza mayai wa soko la Majengo anajua nusu ya jibu. Yai likishikwa mbele ya taa gizani, zima hupitisha mwanga sawasawa na lenye kifaranga huonyesha giza. Daktari naye kwa miaka mingi amepima busha kwa tochi. Uvimbe ukiwaka mwekundu pande zote, ndani mna maji. Ukibaki mweusi, mna kitu kingine. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayechungulia sukari ya zabibu kwa kipimo cha jicho anatumia ndugu wa kanuni hiyo, kwamba mwanga ukipita katika kimiminika hubadilika kulingana na kilichomo.

Kwa mkono wa binadamu mwanga unaofaa ni ule mwekundu uliokolea na ule wa infraredi ulio jirani yake, wenye mawimbi ya nanomita 650 hadi 950 hivi. Chini ya hapo damu huumeza, juu ya hapo maji huanza kuumeza. Katikati kuna kama dirisha ambamo mwanga hupenya milimita kadhaa, hujigonga kwenye nyuzi na chembe za nyama, na sehemu yake hurudi juu ya ngozi.

Taa ya kutafuta mshipa inafanya kazi moja rahisi. Damu iliyo mshipani humeza infraredi zaidi kuliko nyama inayoizunguka. Kamera huona mistari myeusi, kisha kifaa huirudisha picha hiyo juu ya ngozi ili muuguzi ajue pa kuchoma. Kwa mtoto aliyeishiwa maji au mgonjwa wa selimundu ambaye mishipa yake imechoka kuchomwa, ni msaada wa kweli na bidhaa inayouzika. Lakini ikishamaliza kuonyesha huzimwa na kurudishwa kabatini. Hakuna anayeishika juu ya mkono usiku kucha, na hata angeishika, haijafundishwa kulia dripu inapovuja.

Kifaa cha kulinda huanza pale ambapo taa imeishia. Kihisio kidogo hubandikwa kwenye ngozi juu ya mahali ncha ya kanula ilipo. Hupeleka mwanga chini na kupima unaorudi, mara nyingi kila dakika. Kwanza hujifunza hali ya mgonjwa huyo mwenyewe, kisha hufuatilia mabadiliko. Maji yakivuja hutenganisha nyuzi za nyama na kusogeza damu ndogondogo iliyokuwapo, hivyo mwanga unaorudi hubadilika polepole lakini kwa mwelekeo mmoja. Mkono ukitikiswa, mabadiliko huwa ya ghafla na hurudi. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi ngumu ya programu iliyomo, na ndipo pesa za utafiti zilipokwenda. Kampuni inayojulikana zaidi katika jambo hili ni ivWatch ya jimbo la Virginia, Marekani, ambayo kifaa chake kilipata kibali cha mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, mwaka 2015.

Ipo pia njia ya kamera za joto. Watafiti wa Japani wamezijaribu kwa wagonjwa wa dawa za kansa kwa hoja nyepesi: dawa iliyokaa kwenye joto la chumba ni ya baridi kuliko mwili wenye nyuzi 37, kwa hiyo ikivuja huchora doa la baridi chini ya ngozi. Hapa mwekezaji wa Dodoma afanye hesabu yake. Asubuhi ya Julai wodini doa hilo lingeonekana wazi. Mchana wa Novemba, chupa ya dripu ikiwa na nyuzi 30 na zaidi, tofauti na mwili inabaki ndogo na kamera ya bei nafuu haitaiona.

Swali la rangi ya ngozi

Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, na ndilo ambalo makaratasi mengi ya matangazo hulikwepa. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, nayo humeza mwanga. Humeza zaidi mwanga unaoonekana kwa macho na kidogo zaidi ile infraredi, lakini hailiachi dirisha lile wazi kabisa. Kifaa kilichopimwa kwa watu weupe tu kinaweza kusoma vibaya kwenye ngozi nyeusi bila kutoa ishara yoyote kwamba kimekosea.

Mfano upo na ni wa karibu. Oksimita ya kubana kidole, ambayo kanuni yake ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi mapema miaka ya 1970, hutumia mwanga mwekundu na infraredi kupima oksijeni ya damu. Ilizagaa duniani, na wakati wa Korona ilifika hadi kwenye maduka ya dawa ya mitaani. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yao. Miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita ilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, kipimo cha damu kilionyesha upungufu mkubwa kwa karibu 12 katika kila 100 wa watu weusi, dhidi ya karibu 4 wa watu weupe. Kifaa kimekuwapo miongo kadhaa, kila hospitali kubwa inacho, na kosa lilikuwa humohumo. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka oksimita zijaribiwe kwa watu wengi zaidi wa rangi tofauti za ngozi.

Kwa hiyo mwagizaji asiridhike na jibu la "kinafanya kazi kwa wote". Aombe ripoti ya majaribio, aone watu wangapi wa ngozi nyeusi walipimwa, na kama uvujaji ulinaswa kwao mapema sawa na kwa wengine. Aulize pia habari ya hina na piko. Wanawake wengi wa hapa huja kujifungua wakiwa wamepakwa mikononi, na wino wowote mweusi juu ya ngozi ni ukuta mbele ya mwanga. Aulize habari ya jua, kwani wodi nyingi za kanda hii zina madirisha mapana na mwanga wa nje unaweza kuingia chini ya kihisio kilichobandikwa vibaya. Vumbi na jasho nayo yasisahaulike: gundi iliyotengenezwa kwa wodi yenye kiyoyozi inaweza isishike Manyoni mwezi wa Oktoba.

Pesa iko kwenye vihisio

Mwenye mtaji mdogo huangalia bei ya mashine. Akifanya hivyo hapa atapotea, kwa sababu biashara hii inafanana na ile ya printa na wino wake. Vihisio vingi vya aina hii hutumika kwa mgonjwa mmoja kisha hutupwa. Uchukuliwe mfano wa hesabu tu, ambao si bei ya soko: wodi ya watoto yenye vitanda 10, kila mtoto akibandikwa kihisio kimoja kwa siku 3. Kwa mwezi wa siku 30 wodi inahitaji vihisio 100. Kihisio kikifika Dodoma kwa sh. 30,000, wodi hiyo moja itatumia sh. milioni 3 kwa mwezi, yaani sh. milioni 36 kwa mwaka. Mashine yenyewe, hata ikitolewa bure, si kitu mbele ya gharama hiyo.

Nani atalipa? Bima hulipa kwa orodha. Huduma au kifaa kisichomo katika orodha ya bei ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huangukia hospitali yenyewe au mfuko wa mgonjwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuongeza idadi ya wenye kadi, jambo jema kwa soko zima la afya, lakini haimaanishi kuwa kila kifaa kipya kitaingia kwenye kitita. Hospitali inayohesabu senti itauliza kwa nini inunue kihisio wakati glavu na kanula zenyewe zinahitajika kesho asubuhi. Swali hilo ni la haki na mwenye bidhaa awe na jibu.

Jibu lenye nguvu halimo katika wodi ya kawaida. Limo katika vitanda vichache ambako uvujaji mmoja ni hasara kubwa: watoto wachanga wasioweza kulia kwa maumivu ya mahali fulani, wagonjwa mahututi waliolazwa usingizi, wanaopewa dawa za kansa kwa mshipa wa mkono. Hospitali ya rufaa inaweza kuanza na mashine mbili tatu katika vyumba hivyo. Soko lenyewe kwa hiyo ni dogo, la wanunuzi wanaohesabika kwa vidole kutoka Dodoma hadi Singida, na mwagizaji anayeleta kontena zima anajitafutia kesi na benki.

Kibali na mlango wa kuuzia

Vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua jina hilo mwaka 2019 badala ya TFDA. Mamlaka hupanga vifaa katika makundi manne, A hadi D, kwa kadiri ya hatari yake. Kifaa ambacho kikinyamaza mgonjwa anaumia hakiwezi kutazamwa kama bandeji. Mwagizaji anahitaji kifaa kisajiliwe, eneo lake la biashara liwe na kibali, na mzigo uwe na kibali cha kuingia nchini kabla haujapakiwa melini. Ambao huanza na mzigo na kumalizia na makaratasi huishia kulipa gharama za kuhifadhi bandarini kwa bidhaa wasiyoruhusiwa kuiuza. Maelezo ya matumizi yaliyosajiliwa nayo yasomwe neno kwa neno. Taa iliyosajiliwa kutafuta mshipa, ikitangazwa kwa hospitali kuwa inanasa uvujaji, imeuzwa nje ya kibali chake.

Mlango wa hospitali za umma ni Bohari ya Dawa, MSD. Bohari ikikosa bidhaa, upo mfumo wa Mshitiri, unaojulikana kwa jina la Jazia, ambao ulijaribiwa kwanza hapahapa mkoani Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia 2018. Msambazaji binafsi aliyeshinda zabuni hujaza pengo la kile ambacho Bohari haina. Mfanyabiashara mdogo mara nyingi hawezi kuwa Mshitiri, lakini anaweza kumuuzia Mshitiri. Hospitali za mashirika ya dini hununua kwa taratibu zake, huamua haraka zaidi, na nyingi hupenda kujaribu kifaa kwanza kabla ya kulipa.

Jaribio hilo lifanywe usiku. Mchana wodi ina wauguzi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na ndugu wa wagonjwa, na uvimbe hauchelewi kuonekana. Kifaa kitathibitisha thamani yake saa tisa za usiku, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi na umeme ukiwa umekatika. Wakati huo ndipo itajulikana betri hudumu muda gani, na kengele ya uongo hulia mara ngapi. Kengele inayolia ovyo huzimwa na wauguzi katika wiki ya kwanza, na kifaa hakirudi kuwashwa.

Yapo mengine ya kuuza wakati soko la vihisio likisubiriwa. Mwongozo wa jumuiya ya wauguzi wa dripu ya Marekani unataka sehemu ya kanula iangaliwe walau kila saa 4 kwa mtu mzima wa kawaida, kila saa 1 au 2 kwa mgonjwa mahututi, na kila saa kwa mtoto. Muuguzi hawezi kuangalia kilichofunikwa na plasta nene ya kitambaa iliyozungushwa mara tatu. Plasta angavu za kubandika juu ya kanula, kanula za njano za watoto namba 24, vibao laini vya kushikilia mkono wa mtoto usikunjike, na tochi nzuri za kuchaji ni bidhaa zinazoeleweka na kila wodi, hazihitaji fundi, na mtaji wake huzunguka katika miezi badala ya miaka. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, mwenye duka anaweza kwenda kuchagua mzigo Kariakoo asubuhi na kulala kwake.